Karoti Iliyopinda

Shangazi yangu alichambua karoti kwenye ghala la kampuni kwa miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe upuuzi mtupu: iliyonyooka iende dukani, iliyopinda itupwe shimoni na kumwagiwa mafuta ya taa, eti wafanyakazi wasije wakaila. Mkulima aliyeileta halipwi kitu. Kila mwaka wakubwa walikuja na suti zao kupiga picha, karoti mkononi, wakihubiri chakula kwa wote.

Kuinama kote huko kukaupinda mgongo wake. Meneja akamwita, akamwambia kwa upole, "Mama, sasa ukapumzike nyumbani."

Shangazi akamtazama. "Sawa, mwanangu. Na mafuta ya taa mtanimwagia hapa hapa, au mpaka nifike shimoni?"