Kapasita ya Redio Mbovu

Mwaka uliofuata Uhuru, chumbani kwangu Homa Bay sikuwa na mwenzangu ila gita la umeme, nalo ni la bendi. Nikaamua kulilainisha sauti. Bila kulitoboa wala kulehemu, nikasokotea kwenye nyaya zake kapasita ya redio mbovu, ili niweze kuitoa baadaye.

Kwenye arusi Mbita, mwimbaji wetu aliniambia, "Omera, ndugu yangu, leo bendi ni tamu!" Kichwa kikanivimba. Nani mwingine alikuwa amebadilisha kitu?

Kisha mzee mmoja akasimamisha muziki ajisifu, kama desturi yetu. Hapo hubaki likilia gita langu peke yake. Nikapiga. Kimya.

Mwimbaji akaziona nyaya nilizosokota zimefunguka, zikining'inia.

"Kumbe hujasikika tangu wimbo wa kwanza," akasema kwenye maikrofoni. "Ndiyo maana!"