Bibi Alipokuja Kuangalia Hita

Usiku ule nililala ndani ya Gesti, juu ya kitanda ambacho mchana ni meza, na mikono yangu ilikuwa bado inanuka gesi. Sikupanga kulala humo. Nilikaa kidogo tu nipumzishe mgongo huku nikiifikiria ile hita, na usingizi ukanichukua bisibisi ikiwa mkononi.

Gesti ni gari. Bosi wangu, mwenye gereji ninayofanyia kazi hapa Morogoro, alilinunua kwa wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka dunia mpaka wakachoka, na uchovu ukawakuta kwetu. Ndani lina kitanda, jiko, sinki, choo, na bafu la kusimama mtu mmoja asiye mnene. Mafundi wenzangu walipochungulia tu wakalibatiza Gesti, na jina likakaa. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nililiomba kwa safari moja, na bosi akakubali kwa sharti kwamba nifufue kila kilichokufa ndani yake. Taa nilizifufua, pampu niliifufua. Ilibaki hita ya maji.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumpeleka mama Makete, kule juu karibu na Kitulo, kuweka jiwe kwenye kaburi la bibi aliyemzaa. Katika ukoo wetu jiwe la kaburi haliwekwi kama mtoto wa kwanza wa marehemu hayupo, maana yeye ndiye anayeligusa kabla ya wengine. Mtoto wa kwanza ni mama yangu. Wajomba walikuwa wameahirisha kwa ajili yake mpaka wakachoka, na safari hii mkubwa wao alimwambia kwenye simu, bila kupandisha sauti, kwamba asipofika wataliweka bila yeye.

Miaka yote mama alikuwa na jibu lilelile. "Miguu yangu na baridi ya kule haviivi. Nikioga yale maji, mtanirudisha nimebebwa." Baridi yabisi anayo kweli, nimeona magoti yake yanavyovimba. Basi nikamwambia nitampeleka na nyumba yenye maji ya moto bombani. Akanitazama, akacheka. "Ukiyapata hayo maji, nakwenda." Nikasema ikishindikana nitamchemshia kwenye sufuria, akakataa katakata. Maji ya sufuria, alisema, hata wadogo zake wanayo. Hapo ningeshtuka kwamba kuna kitu kingine zaidi ya magoti, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye hita.

Hita ile ni tangi dogo lililofichwa chini ya kabati, na pembeni yake kichomeo cha gesi. Ukibonyeza swichi, cheche inapiga, moto unashika, unaunguruma kidogo, halafu unazima na taa nyekundu inawaka. Wakati huohuo bomba la moto linatoa maji kwa nguvu zote, ya baridi vilevile kama yalivyoingia. Nilipima betri, nzima. Nilibadilisha fyuzi. Fundi Salum, mtu wa Tanga anayetutengenezea majiko ya gesi, alikuja akafungua kichomeo na kutoa kiota cha nyigu kilichojaa kiganja, akashangilia, akaomba soda kabisa. Tukawasha. Moto ukashika, ukaunguruma, ukazima.

"Dada, hili dude lina jini," alisema, akakusanya spana zake akaondoka.

Na safari ilikuwa kesho yake.

Kwanza nilisikia makabati yanafunguliwa na kufungwa, moja baada ya jingine, bila haraka. Nikafumbua macho, au niliona hivyo, na ndani mlikuwa na mwanga wa asubuhi iliyokwisha kukua. Bibi alikuwa amesimama kati ya sinki na choo. Alivaa sweta lake la kijani na kitambaa kichwani, na shingo ameinyoosha kutazama kabati la juu, ambalo akiwa hai asingelifikia.

Bibi alikuwa mtu wa kuuliza. Angeweza kumsimamisha mpita njia amweleze breki za baiskeli yake zinashikaje. Redio ya babu aliifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni kuona wanaosema wamekaaje humo, akairudisha, na ikaendelea kusema. Wanasema kudadisi kwangu nimerithi kwake. Kwa hiyo nilipomwona anapekua Gesti sikuogopa hata kidogo. Nilijua amekufa, na nilijua yeye anajua, na hakuna kati yetu aliyeona haja ya kulitaja.

"Choo kiko wapi?" aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Nikamwonyesha. Akafungua mlango, akafunga, akafungua tena. Kisha akageuka kulitazama jiko, ambalo kwa kweli liko palepale, mkono unafika.

"Wazungu," akasema, akaendelea na upekuzi.

Mimi nina maswali yangu. Nataka kujua kule aliko kunakucha au hakukuchi. Nataka kujua kama babu yupo, na kama bado anakoroma, na kama kukoroma kwake bado kunamwudhi. Kila nikifungua mdomo bibi ananitangulia. Hiki cha nini? Na hiki kinakunjikaje? Maji machafu yanakwenda wapi? Namjibu kwa heshima, nakunja meza, nakunjua kitanda, na moyoni nacheka, maana mtu ametoka kuzimu na mimi ndiye ninayehojiwa.

Sasa amechuchumaa mbele ya kabati la chini, na hita iko wazi mbele yake. Magoti yake hayalii. Anaweka kidole kwenye bomba moja.

"Maji yanaingilia wapi?"

"Hapo, bibi."

"Yanatokea wapi?"

"Hapo pa juu."

Analaza kiganja kwenye tangi, analipapasa pande zote, kisha anagonga kwa pingili ya kidole na kutega sikio. Nami natega. Mlio ni mwepesi, wa kopo.

"Humu hamna kitu," anasema.

Namwambia haiwezekani, maji yanatoka bombani, nimeyaona na kuyashika, na yasingetoka kama tangi ni tupu. Naeleza vizuri, kwa mikono, kama ninavyowaeleza wenye magari. Bibi ananiacha nimalize.

"Yanayotoka hayakupita humu."

Ananyanyuka, ananipa chungu nikishike, na tuko nje ya nyumba yake Makete. Sikupanda mlima wowote. Majani ya uani ni meupe, na mimi niliyezaliwa na kukulia Morogoro nainama kuyagusa, nayo yanavunjika kwa mlio mdogo. Nataka kuyagusa yote. Jua limetoka na bado ni baridi ya kuuma masikio. Kando ya ukuta vimepangwa vyungu, ndoo na madebe, vyote vimefudikizwa. Bibi anachukua chungu changu, anamwaga maji yaliyobaki, naye anakifudikiza mwisho wa mstari.

"Kwa nini unayamwaga?"

"Yakilala humo yanakuwa barafu. Barafu inavimba, inapasua." Anajifuta mikono kwenye sweta. "Msimu wa baridi kila chombo kinalala kitupu."

Halafu ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu aje, na macho yake yana ule uchangamfu wa mtu aliyekwisha jua jibu na anangoja mwenzake afike.

"Mwenye lile gari naye katoka kwenye baridi," anasema.

Nikaona. Palepale uani, katikati ya vile vyombo vya maji vilivyofudikizwa, nikaona kazi yote. Kwao kuna majira ambayo bomba linaganda, basi mtu anamwaga tangi na kuyafungia maji mlango ili yasiingie tena mpaka joto lirudi. Aliyefanya hivyo alipandisha gari melini, akafika kwenye nchi ambayo hatuna haja hiyo, na akasahau; na moto ukikuta tangi kavu unajizima usiliunguze. Salum wa Tanga angejuaje? Mimi ningejuaje? Tungetafuta jini mpaka mwaka mwingine. Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia bibi, lakini alikuwa amekwisha kuingia jikoni kwake.

Nikamfuata. Jikoni ni kweusi kwa masizi, na moto unawaka, mkubwa kuliko wa kupikia. Viazi vinaiva kwenye jivu. Hanipi, nami siombi. Joto lile linanipiga usoni na miguuni, na najua kwamba sasa ndiyo nafasi yangu ya kuuliza yale yote, lakini maswali yamekwenda zake, limebaki moja tu.

"Nimwambie nini mama?"

Bibi anakaa kwenye kigoda. Ananyoosha mikono motoni, anaigeuza taratibu, kiganja na mgongo wa kiganja. 

"Mwambie Eliza," anasema, "kuni zilikuwepo mpaka asubuhi."

Nasubiri aendelee. Haendelei. Nataka kumwuliza kuni zipi, asubuhi ipi, na ninapovuta pumzi niseme, moto unaunguruma, na mimi nimeamka.

Kulikuwa kumepambazuka kweli. Jogoo wa jirani wa gereji alikuwa kazini. Nililala kifudifudi kidogo nikirudia yale maneno, kwa sababu ndoto zangu huwa zinayeyuka nikiweka mguu chini, na haya nilitaka yasiyeyuke. Kisha nikatambaa hadi kwenye kabati na kuwasha tochi.

Nyuma ya tangi kulikuwa na kijibomba kifupi kilichounganisha bomba la baridi na bomba la moto, na koki moja ya kuchagua: maji yapite tangini au yakate kona. Ilikuwa imegeuzwa yakate kona. Niliwahi kuiona, na Salum aliiona, tukaichukulia kuwa ya kusafishia. Nikaigeuza. Pampu ikaanza kuvuma, ikavuma muda mrefu sana, na nikiwa nimelaza kiganja juu ya tangi nikasikia ubaridi unapanda kutoka chini. Liliposhiba nikawasha gesi. Moto ukashika na haukuzima. Muda si mrefu nikafungua bomba la bafuni, mvuke ukanipanda usoni, nikapiga kelele peke yangu humo ndani.

Nimeitafakari ndoto hii tangu siku ile, na sehemu ya koki naielewa. Labda jicho liliona na akili ikaendelea kufanya kazi nikiwa nimelala, mafundi wengi hutokewa na hayo. Sehemu nyingine ndiyo siielewi.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti cha uani, amejitanda khanga, na begi lake sikuliona popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala wapi wewe?"

"Kwenye Gesti. Mama, nimemwota bibi."

Akanitazama kwa kasi, maana kwetu wanasema anayelishwa na marehemu ndotoni humfuata. "Amekupa chakula?"

"Hapana. Viazi vilikuwepo, hakunipa."

"Umekula chochote chake?"

"Sijala."

"Haya. Amesema nini?"

Nilikuwa na hamu ya kuanza na koki, na vyungu, na majani yanayovunjika. Lakini ujumbe ulikuwa wake, si wangu, nikaona nianze nao. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza: mwambie Eliza, kuni zilikuwepo mpaka asubuhi.

 Mama aliweka mkono mdomoni, akauacha hapo. Nilidhani nimemwumiza, nikapiga magoti mbele yake nikamshika mikono.

"Nani amekueleza habari za kuni?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Kuni gani?"

Ndipo akanieleza, huku akitazama ukuta. Kabla bibi hajafa mama alikuwa kule kumsalimia, msimu wa barafu. Alimwahidi atampasulia kuni za kutosha kabla hajaondoka. Basi la abiria likapita mapema, akalikimbilia, akasema atamtuma mtu. Hakumtuma. Siku chache baadaye simu ikaja kwamba bibi amekutwa kitandani asubuhi, amelala moja kwa moja. Waliomkuta hawakusema kama jikoni kulikuwa na moto, na mama hakuweza kuuliza. Alizika, akarudi Morogoro, na tangu siku hiyo kila alipoitwa kule aliwaonyesha magoti yake.

"Miaka yote hii," alisema, "nikijifunika blanketi namwona yeye."

Nilimhurumia mama yangu. Nilijua kumtengenezea hita, na kumbe nyumba nzima hatukujua baridi yake ilikuwa inatoka wapi. Nikamwambia kile nilichokuwa na uhakika nacho: kwamba moto ulikuwa mkubwa, kwamba nilisimama karibu nao ukanichoma miguu, na kwamba bibi alikuwa anaipasha moto mikono yake bila haraka yoyote.

Alilia kidogo, akamaliza, akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akainuka kwa kushika bega langu, akaingia chumbani, na nikasikia begi linaburuzwa kutoka uvunguni.

"Mama," nikamwambia nikiwa mlangoni, "na maji ya moto yanatoka sasa. Bombani kabisa."

Alikuwa anakunja sweta. Hakugeuka.

"Hata yasingetoka," alisema.