Mwana Mpotevu wa Jumapili Jioni

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa makochi. Mtaa mzima unamwita Mchungaji wa Sebuleni, ingawa kanisani hajawahi kukabidhiwa hata kazi ya kupanga viti. Anaamini watoto hawalelewi kwa kiboko bali kwa Maandiko, na Maandiko hayaingii kichwani mpaka yaigizwe. Kwa hiyo kila Jumapili jioni anasukuma makochi ya wateja ukutani, yale aliyoyavua vitambaa springi zikabaki nje nje, na familia inacheza mwana mpotevu.

Baba ni yeye, hakuna mjadala. Anajitupia mabegani mahameli ya mteja. Mpotevu ni kitinda mimba wao, binti anayesoma darasa la pili. Dada yangu ni mtumishi. Hata kwenye maigizo hapumziki. Mimi, kwa kuwa nakula kwao, ni nguruwe.

Na jamaa anajua kuigiza, tusimnyime haki yake. Mpotevu akitokea jikoni, anamkimbilia, anamkumbatia, analia machozi ya kweli.

Jumapili iliyopita, katikati ya machozi hayo, mlango uligongwa. Alikuwa binti yake mkubwa, aliyeondoka mwaka juzi kwenda kuolewa na mpiga gitaa wa kanisa jingine bila baraka za baba. Ndoa imevunjika. Alikuwa na begi moja na macho yaliyovimba.

"Shikamoo baba. Naomba kurudi nyumbani."

Shemeji hakumwachia yule mdogo. "Subiri hapo nje. Huoni tuko kwenye Neno?"

Akasubiri kizingitini. Sisi tukaendelea na pete, viatu na ndama aliyenona. Nilikoroma kinguruwe huku aibu imenijaa. Mchezo ulipokwisha, shemeji akajifuta uso, akakaza sauti.

"Kwanza ukatubu mbele ya kanisa. Halafu mimi nitaomba, nione Mungu anasemaje."

Binti aliinama kuokota begi aondoke. Dada yangu akampita mumewe kama anapita kochi, akalichukua begi lile yeye.

"Ingia ukaoge, mwanangu. Kutubu utatubu kesho, na kwenye foleni utamkuta baba yako ametangulia."

Shemeji akafungua mdomo kutafuta aya ya kumjibu. Mpaka leo anaitafuta, na binti analala kwenye chumba chake cha zamani.