Jina la Melkiori Mlangoni pa Mama Desi

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie visingizio. Jina langu lifichwe tu, maana huku mtaani Katubuka tunajuana.

Mimi nimemaliza chuo, kazi sina, na nikishika wazo siliachii mpaka kichwa kiniume. Nilisoma kwenye simu habari za Ujerumani: kwenye njia za waenda kwa miguu wamepachika vibao vidogo vya shaba, kila kimoja na jina la Myahudi aliyeuawa na Wanazi, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Nililia.

Nikamfikiria jirani yangu, Mama Desi, tuliyepanga naye nyumba moja. Mumewe, Melkiori, alichukuliwa na watu wenye silaha kwao Burundi. Hana kaburi. Hilo aliniambia mimi peke yangu. Wengine walimjua kama Muha wa Kasulu, raia wa huku, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana, na mkimbizi anatakiwa akae kambini.

Niliwaza kila kitu kuhusu kibao cha Melkiori! Saruji kiasi gani, bati lipi, herufi nizigonge kwa msumari upi. Kumuuliza mwenyewe, sikuwaza. Nilitaka iwe zawadi.

Alipokwenda ziwani Bangwe kununua dagaa, nikakipachika kibao mlangoni pake: Melkiori, mume wa Mama Desi, aliuawa Burundi.

Aliporudi, majirani walikuwa wameshasoma. "Kumbe ni Muha wa Bujumbura," mmoja akasema, wakacheka. Mwenye nyumba, kwa kuogopa serikali, akamwambia ahame kabla ya Ijumaa.

Nilimweleza habari za Ujerumani, kisha nikachukua nyundo nikivunje kile kibao. Akanishika mkono.

"Wale waliandikwa wakati wauaji wao wameshaondoka, mwana wanje, mwanangu. Mimi bado najificha. Ungeniuliza."

Nikainua nyundo tena. Hakuniachia.

"Jina lake hulipigi. Alishapigwa."

Akajifunga kitenge, akaondoka kwenda kambini mchana kweupe, akiwaaga kwa majina wote waliomcheka. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Sasa mwenye nyumba ananitaka nikibomoe. Sikibomoi! Kila asubuhi nakisugua kwa mchanga wa ziwani. Siku Mama Desi atakapopata mlango wake, nitakichimbua nimpelekee. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe na mimi.

Nanyi mnaotaka kuwaenzi wafu wa wenzenu, pigeni hodi kwanza. Mfiwa yumo ndani, na bado anahitaji pa kulala.