Ndege Mweupe kwenye Kamba ya Nguo

Nianze na maji ya moto ya Nyamyumba, kando ya ziwa. Bibi alinipeleka pale kuchovya magoti, viazi vitamu akavifunga kwenye kitambaa na kuvizamisha mpaka vikaiva. Eh, viazi vile! Bon, si viazi nilitaka kusema. Ni njia ya kurudi nyumbani, ile yenye miti kando ya kijito. Leo iko mabati matupu.

Kwenye miti ile ilikuwa ndege wanaodaka nzi hewani. Dume ana mugongo mwekundu kama udongo wa tofali, kichwa cheusi chenye kishungi, jicho limezungukwa na buluu, mukia mrefu kama utepe wa bibi harusi. Jike mukia wake mufupi. Hao tuliwapenda. Lakini mara moja moja anakuja mweupe, mukia mrefu vilevile, na huyo Bibi alisema anakuja kuita mutu. Mutu wa kwanza kuvuka mulango wa ua, ndiye aliyeitwa.

Jioni moja akatua kwenye kamba ya nguo, juu ya shati la Baba.

Bibi akamwaga majivu mulangoni. Hakuna kutoka. Baba alikuwa wa kwenda kuvua sambaza, vile visamaki vya usiku, wenzake wanapiga filimbi kule ziwani, naye amesimama na taa mukononi. Maharage yaliungua, hakuna aliyeinuka. Mi nilishika suruali yake kwa mikono miwili.

Jirani yetu, fundi baiskeli aliyerudi toka Congo, alikuwa ndani ya ua amekuja kuomba chumvi. Akacheka.

“Mama, munaogopa ndege? Huyu na ule mwekundu ni ndugu, amebadilisha chemise tu, nyekundu kwa nyeupe! Kule Masisi niliwaona kwenye kiota kimoja.”

“Nyamaza, we mutoto,” Bibi akasema. “Kifo hakichekewi.”

Filimbi ikalia tena. Baba akapiga hatua. Mi nikalia kwa sauti.

Jirani akanitazama, kicheko kikamuisha. Akamushika Baba bega, akamurudisha nyuma.

“Bon. Wa kwanza ni mimi. Mama, chumvi yangu uniwekee.”

Akaruka majivu. Ndege akaruka pia. Tulisikia muluzi wa jirani ukipanda njia ya Nengo, ukawa mudogo, ukaisha. Bibi aliweka ile chumvi kwenye jani la mugomba, karibu na mulango, ikamungoja mpaka ikayeyuka.