Hisa Si Ng'ombe Mgonjwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, niliuza hisa zangu kwa simu nikiwa katikati ya ng'ombe, mnadani hapa Mpanda. Nilikuwa kijana, na hisa zile za kiwanda cha saruji nilizinunua ili mdogo wangu Kabula akasomee uuguzi.

Jamaa mmoja aliyetoka Dar aliniambia, "Nyie wa ng'ombe hamna habari! Hisa za saruji zinaporomoka, watu wanauza hatari!"

Nikaogopa. Sisi wafugaji tukisikia ugonjwa umeingia zizi la jirani, tulikuwa tunawahi kuuza kabla wa kwetu hawajaanguka. Nikampigia dalali wa hisa, nikamwambia auze zote. Nikarudi nyumbani Mwamkulu najiona mjanja kweli.

Mama yangu, tuliyemwita Mayu, alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipomsimulia, hakuacha kazi yake.

"Kiwanda kimeungua?"

"Hapana, Mayu."

"Saruji haiuzwi?"

Inauzwa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepita dukani, wanashusha mifuko kama kawaida.

"Sasa anayeumwa nani?"

Swali lile silichoki mpaka leo. Watu waliogopa, wakauza. Bei ikashuka kwa sababu wameuza. Wengine wakaona imeshuka, wakaogopa zaidi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye hisa, mwanangu, mara nyingine laja kwa sababu tumelisema! Miezi michache baadaye tamaa ikawashika watu wale wale, wakazigombania, bei ikapanda kupita ilipokuwa. Mimi nilishatoka. Pesa niliyoambulia haikutosha ada, Kabula akakaa nyumbani mwaka mzima akiisubiri. Hakunilaumu hata siku moja, nami niliona aibu kila aliponitengea chakula.

Kwa hiyo bei ikitikisika, usiulize kwanza watu wanakimbilia wapi. Uliza kampuni ina nini. Ikiwa inaumwa kweli, uza. Ikiwa wanaoumwa ni watu, kwa hofu yao, tulia. Wakishangilia, uliza vilevile. Fuata nyuki ule asali, sawa, ila sijaona aliyefaidi kwa kufuata nyuki walioshtuliwa. Na pesa ya ada usiiweke huko. Ada ina siku yake, na hofu za watu haziijui siku hiyo.

Mungu akujalie moyo mtulivu, mwanangu, na nyumbani kwako asiwepo mtu wa kusubiri kwa sababu ya woga wako.