Vitone Vitatu Chini ya Pikapu Yangu

Admin, nifichie jina langu na la ndugu yangu pia, maana huku Usenge tunatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu. Nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, naanika, napeleka sokoni. Nina mdomo, wanaonijua wanajua, lakini hili limenifunga huo mdomo wiki tatu sasa.

Mama yetu alipofariki, ndugu yangu alikuwa darasa la sita. Nilimlea mimi. Mimi ndiye niliyempeleka Kisumu kujifunza kuchomelea vyuma, na leo ana kibanda chake cha jua kali pale Nyalenda, na wateja hawamwishii. Ana tabia moja tangu akiwa mwanafunzi: kila bamba la chuma akimaliza kulichomelea, hugonga vitone vitatu pembeni kwa msumari. Aliwahi kuniambia, "Hii ya kwanza ni ya Mungu, ya pili ni ya mama, hii ya tatu ni yako, nyaminwa." Nyaminwa ndiyo dada kwa Kijaluo chetu. Siku hiyo nililia, mjinga mimi.

Mwaka jana nilichoka kukodi magari ya watu. Akaniambia kuna mzee anauza pikapu kuukuu, iliyokuwa ikibeba samaki na barafu. Hapo ningepaswa kushtuka. Kwa miaka yangu yote ufuoni najua maji ya samaki yanavyokula bati, sembuse chuma cha gari kikichuruzikiwa miaka nenda miaka rudi. Nikamuuliza huko chini kukoje.

"Nyaminwa, mimi mwenyewe nimelala chini yake. Chasisi iko sawa kabisa. Wewe weka mafuta, enda kazi."

Nikainama, nikaona chini kote kumepakwa oili chafu, nyeusi tii. Huku kwetu mtu anayeipenda gari yake huipaka oili chafu isishike kutu, kwa hiyo nikasema hii imetunzwa. Wenzangu wakaniambia nitafute fundi mwingine aikague. Nikawacheka: akishaangalia ndugu yangu, mimi sina swali. Akiba yangu yote ikaenda hapo.

Miezi minne baadaye tulikuwa tunapeleka magunia Maseno. Mimi nilikaa mbele na dereva. Mama Otis, ninayefanya naye kazi tangu nilipoolewa, alikaa nyuma juu ya magunia. Tulipanda tuta, tena polepole. Nikasikia mlio kama mti unaokatika, na nyuma yote ikalala upande. Mama Otis alirushwa barabarani akavunjika mkono. Mpaka leo binti yake ndiye anayemfunga leso.

Fundi wa pale Maseno aliingia chini na nyundo. Aligonga mara moja, nyundo ikazama. "Mama, nani alikuuzia hii kitu? Springi imeng'oka na kipande ya chasisi. Hapa hakuna chuma, ni kutu na rangi." Akakwangua ile oili anionyeshe ufa wa zamani ambao mtu aliufunika na bamba jembamba. Nikainama nione. Pembeni mwa bamba kulikuwa na vitone vitatu.

Nilimwendea Nyalenda siku hiyo hiyo. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule mzee alimpa kazi ya kufunika ufa, kisha akamwahidi fungu lake akimletea mnunuzi. "Nilidhani itashika miaka mbili, yawa. Si ningekuja kukurekebishia?" Nikamuuliza, kwa nini mimi? Akatazama chini. "Ni wewe tu ungeniamini bila kuuliza." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilifundishwa hiyo shuleni nikadhani ni ya mtihani tu.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Alisema ataichomelea upya, tuiuze, akiba yangu irudi. Kwa hasira na dhiki, nikakubali. Kisha akaongeza, "Lakini ukisema ilivunjika, nani ataniletea kazi tena hapa? Watoto wangu watakula wapi?"

Jana nilienda kuitazama. Inang'aa. Nikapangusa ile oili kwa leso yangu: bamba jipya juu ya kutu ile ile, na vitone vyake vitatu.

Asubuhi hii mnunuzi amenipigia. Ni mama wa makamo anayeuza nyanya Ahero. Kijana wake ndiye atakayeendesha, yeye na wajukuu watapanda nyuma na makreti. Ameniuliza jambo moja tu: "Dada, nani ameikagua?" Nikasikia mdomo wangu ukisema ni ndugu yangu. Akacheka kwa raha. "Basi kama ni ndugu yako, mimi sina swali."

Anakuja Jumamosi. Mama Otis bado anasema ni pepo wa barabara aliyemwangusha, na mimi huitikia. Nikimwambia huyu mama ukweli, nimemzika mtoto niliyemlea kwa mikono yangu. Nikinyamaza, kile kitone cha tatu kitakuwa changu kweli. Nyinyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Niambieni kabla ya Jumamosi.